Mtungi wa Gesi Usimfunge Mnunuzi

Kwamba taifa letu liachane na kuni na makaa ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Novemba 2022 ulifanyika Dar es Salaam mkutano mkubwa wa kujadili nishati safi ya kupikia. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa ambao lengo lake ni kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na siku sita baadaye alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris uliolizungumza jambo hilo kwa Afrika nzima. Kilichobaki ni swali la jikoni, nalo halijapewa uzito unaostahili. Mwananchi ambaye ameitikia wito, akanunua mtungi wake, kisha akaona bei ya kampuni aliyoanza nayo inamshinda, ana uhuru gani wa kuihama na kwenda kwa kampuni iliyo nafuu?

Naandika haya kutoka Korogwe, na kazi yangu hunipeleka Handeni mara kwa mara. Jibu ninaloliona huku ni kwamba uhuru huo upo katika maneno, lakini dukani haupo.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda wakasema kwamba habari za Handeni na Korogwe ni za bara, nao wana zao. Hasha. Makaa yanayopikiwa visiwani hayatoki yote visiwani. Sehemu yake huvuka bahari kutoka bara, na msitu unaokatwa ni huu wa miombo ulio nyuma ya pwani yetu. Kila jiko la Ng'ambo au la Chake Chake linalohamia kwenye gesi huupunguzia msitu huo shoka, na kila jiko linalorudi kwenye makaa kwa kushindwa na bei huuongezea. Zaidi ya hayo, rangi za mitungi nizionazo Manundu, mjini Korogwe, nyingine ndizo zionekanazo Darajani. Na Wapemba wangapi wanafanya biashara Tanga, Muheza, Korogwe na Mombo? Siku mmoja wao anaporejea Wete, mtungi alioulipia huku una thamani gani kule? Hilo ni swali la Muungano pia, ingawa ni dogo la kutosha kubebwa begani.

Tuanze na Handeni yenyewe. Ni nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi na machungwa, na pia nchi ya ukame usiokuwa mgeni. Mahindi yakikataa, mkulima hutazama msituni. Mtu asimwite mchoma makaa mhalifu bila kumuuliza shamba lake limempa nini mwaka huo. Magunia yanayopangwa kandokando ya barabara kuu yanangoja magari ya Dar es Salaam, na kila gunia ni mti ambao haukupandwa mwingine badala yake. Tangu Juni 2022 kaya kutoka Ngorongoro zimehamia Msomera, nazo zinapika kama sisi sote tunavyopika. Mzigo wa msitu umeongezeka, haukupungua.

Yapasa tuseme kweli juu ya vijiji. Katika kijiji cha ndani huko Handeni gesi haishindani na gesi ya kampuni nyingine. Inashindana na kuni ambazo hazinunuliwi kwa fedha, bali kwa miguu na mgongo wa mwanamke, na kwa kuwa gharama hiyo haiandikwi katika daftari lolote, wanaume wengi huhesabu kwamba ni bure. Kumwambia mama huyo kwamba atafute kampuni nafuu ni kumzungumzia jambo ambalo halijamfikia. Kwa hiyo maneno yangu yanahusu kwanza miji na vituo vya barabarani: Chanika, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo, pamoja na kambi za mashamba ya mkonge kama Ngombezi na Magoma. Huko ndiko wananchi walikokwisha kununua mitungi, na huko ndiko wanakoanza kuisukuma chini ya kitanda.

Ndiyo, chini ya kitanda. Afisa anayehesabu mitungi iliyogawiwa atapata idadi ya kufurahisha. Akiingia ndani akauliza uliisha lini na ulijazwa lini, hesabu itakuwa nyingine kabisa.

Wananchi wengi huamini kwamba gesi ya mtungi ni gesi yetu ya Songo Songo au ya Mnazi Bay, kwa hiyo hushangaa kwa nini bei yake inapanda ilhali visima ni vyetu. Hizi ni gesi mbili tofauti. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kutumika mwaka 2004, husafiri kwa bomba na kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Nyumba zinazopikia gesi hiyo ni chache, na ziko katika sehemu za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni uliogandamizwa ukawa maji, nayo huja kwa meli kutoka nje. Bei yake hufuata kwa karibu bei ambayo kampuni ya mafuta ya Saudia, Aramco, huitangaza kila mwezi, kisha huongezwa nauli ya meli, thamani ya dola, faida ya mwagizaji, nauli ya lori na faida ya wakala. Gesi inapofika Chanika, imekwisha kupita mikono mingi.

Sasa tazama tofauti iliyopo. Petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangaziwa bei kikomo na EWURA kila mwezi, na mwenye kituo akizidisha huadhibiwa. Gesi ya kupikia haina bei kikomo. Imeachiwa soko. Sina ugomvi na hilo kwa leo, maana wapo wanaoamini, tena kwa hoja, kwamba kuweka kikomo kungewafanya wauzaji waache kupeleka mitungi pembezoni. Lakini ikiwa soko ndilo lililopewa kazi ya kumlinda mnunuzi, basi silaha pekee ya mnunuzi huyo ni miguu yake: akiona ghali hapa, aende pale. Ukiifunga miguu hiyo, soko limekwisha, na kinachobaki ni ukiritimba wa rangi.

Kamba inayoifunga ni mtungi wenyewe. Mtu anaponunua gesi kwa mara ya kwanza hulipia vitu viwili, gesi na chombo. Gesi huisha, chombo hubaki, na chombo kina rangi ya kampuni. Akienda na mtungi wa rangi hii kwa wakala wa rangi ile, hupata moja ya majibu matatu: hatuupokei, tunaupokea lakini uongeze fedha, au nunua mtungi wetu mpya. Sheria haimruhusu wakala kuujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini yake, na ni haki isiwe hivyo. Lakini hakuna anayemwambia mnunuzi fedha aliyolipia chombo ni amana itakayorudishwa au ni bei ya kuuziwa kabisa. Stakabadhi, ikiwa ipo, mara nyingi husema "gesi" tu.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme kampuni moja inauza gesi ya kilo 6 kwa shilingi 25,000 na nyingine kwa 23,000. Mama wa Manundu anayemaliza mtungi mmoja kwa mwezi angeokoa 24,000 kwa mwaka kwa kuhama, kiasi cha kupata gesi ya mwezi mzima bila kulipa. Hilo si jambo dogo kwa mtu wa mshahara wa shambani. Lakini ikiwa mtungi mtupu wa kampuni ile nafuu unauzwa, tuseme, shilingi 30,000, atapika miezi kumi na mitano kabla hajarudisha fedha aliyotumia kuhama. Na ikiwa duka nafuu liko mbali, bodaboda akatoza 2,000 kwenda na kurudi, unafuu umekufa siku ya kwanza. Ndiyo maana watu hawahami. Wenye makampuni husema wateja wao ni waaminifu. Mimi nasema wamefungwa.

Yupo mkazi mmoja wa Chanika aliyenieleza kwamba ana mitungi ya rangi tatu nyumbani, mitupu yote. Mmoja alinunua, wa pili alipewa katika ugawaji, wa tatu aliachiwa na ndugu. Anapikia makaa. Kila ukiisha wa rangi fulani, wakala wa rangi hiyo huwa hana mzigo wiki hiyo, na mwenye mzigo huukataa.

Hapa nawageukia maafisa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefanya kazi njema ya kugawa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu ya bei, na wananchi wengi wasingeliweza kuanza bila msaada huo. Lakini mikoa iligawanywa kwa makampuni, kila moja ikapewa eneo lake. Maana yake ni kwamba fedha ya umma imenunua mtungi, na mtungi umeifungia kaya kwenye kampuni moja. Baada ya ujazo wa kwanza serikali huondoka, na mwananchi hubaki na wakala mmoja ambaye anajua kwamba hana mshindani. Ruzuku ingepewa kaya badala ya rangi, ikawa hati ambayo mwananchi huipeleka kwa wakala yeyote aliyesajiliwa, makampuni yangelazimika kumbembeleza mnunuzi. Sioni ugumu wa kulifanya hilo katika awamu zijazo.

Makampuni nayo yana hoja, na si haki kuificha. Kampuni inayomiliki mtungi ndiyo inayowajibika kuupima, kubadilisha koki iliyochakaa na kuutupa ukifika mwisho. Mtungi ukiachwa uzurure kwa kila mjazaji, hakuna atakayeutunza. Majirani zetu wa Kenya walilipia somo hili. Mwaka 2009 walitunga kanuni kwamba mitungi midogo ya majumbani iwe na koki ya namna moja na wauzaji wapokee mtungi wa kampuni yoyote. Nia ilikuwa njema, na kwa mnunuzi ilikuwa raha. Lakini waliibuka wajazaji wa uani, wanaojaza mitungi isiyo yao, bila kupima na bila kuwajibika, na makampuni yakaona hayana sababu ya kutunza chombo ambacho hayajui kitarudi lini. Kanuni mpya za mwaka 2019 ziliufuta ulazima huo. Ujazaji wa kienyeji haukukoma kwa kufutwa kanuni. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gari lililobeba gesi lililipuka katika kituo kisichokuwa na kibali, katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walikufa na mamia wakajeruhiwa.

Kwa hiyo sitetei neno la "mtungi wowote popote". Anayelisema neno hilo bila kutaja nani atapima mtungi anacheza na maisha ya watu.

Wapo watakaotoa mfano wa Uingereza, ambako mwenye nyumba huhama kampuni ya gesi kwa simu au kwa barua, na moto haukatiki hata dakika moja. Wakati kampuni zaidi ya 25 za huko zilipofilisika mwaka 2021 baada ya bei za dunia kupanda, msimamizi wao, Ofgem, aliwahamishia wateja kwa kampuni nyingine wakiwa wamelala. Lakini pale bomba ni moja kwa wote, na kinachobadilika ni jina lililo juu ya hati ya malipo. Sisi hatuna bomba Handeni. Mfano huo hautufai sana.

Unaotufaa ni wa India, nchi ya mitungi kama sisi. Mwishoni mwa mwaka 2013 walianza majaribio katika miji kadhaa, na mwaka 2014 wakaeneza nchini utaratibu wa kumruhusu mteja kuhama kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine, hata kama ni wa kampuni nyingine kati ya zile kubwa tatu za huko, yaani Indian Oil, Bharat Petroleum na Hindustan Petroleum. Mteja ana namba yake na hati ya amana. Akihama kampuni, hurudisha mtungi na regulata, hupewa amana yake, huilipa kule anakokwenda, na hupewa chombo kingine. Mtungi haukuzurura, ulirudi kwa mwenyewe. Aliyehama ni mtu na fedha yake. Hiyo ndiyo siri yote. Amana iliyoandikwa kwenye hati hufanya kazi ambayo sisi tunataka mtungi uifanye.

Nasema basi kwamba EWURA iwaagize wenye makampuni watenganishe, kwenye kila stakabadhi, bei ya gesi na amana ya mtungi, na amana hiyo irudishwe kwa mteja anayerejesha mtungi mzima, katika duka lolote la wakala wa kampuni hiyo nchini. Wakala wa rangi nyingine naye aruhusiwe kuupokea mtungi kwa niaba ya mwenzake, asiujaze, bali aupeleke katika kituo cha kubadilishana mitungi ambacho makampuni yenyewe yatakiendesha kwa gharama zao. Kwa mkoa wetu kituo hicho kingekaa Tanga mjini, na malori yanayokuja Korogwe na Handeni yakiwa yamejaa yangerudi na mitungi mitupu ya rangi zote badala ya kurudi na ya rangi moja. Barabara ya lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, ipo. Kisingizio cha njia hakipo tena.

Hapa itabidi ZURA, ambayo ndiyo msimamizi wa upande wa Zanzibar, ikae na EWURA. Ikiwa kila upande utakuwa na hati yake ya amana isiyotambuliwa ng'ambo ya maji, tutakuwa tumetengeneza kamba nyingine badala ya kuikata ya kwanza. Fomu moja, maneno yaleyale, kiwango cha amana kinachojulikana; basi yule Mpemba wa Mombo anaacha mtungi wake Mombo na kuchukua mwingine Wete kwa hati ileile. Hilo halidai fedha ya kigeni wala mhisani.

Liko jambo la mizani, nalo halingoji utaratibu wowote mpya. Kuhama kampuni kwa ajili ya shilingi 2,000 ni upuuzi ikiwa mtungi wa bei nafuu umepungukiwa nusu kilo. Nusu kilo katika kilo 6 ni karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya gesi yote. Kwa bei ya 23,000 ni kama shilingi 1,900 zilizopotea hewani, na unafuu wote umekwenda nazo. Kanuni zinamtaka muuzaji awe na mizani dukani na mnunuzi apimiwe akitaka. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake, karibu na koki. Ukisoma kilo 7 na pointi 2, mtungi uliojaa kilo 6 za gesi lazima ufikie kilo 13 na pointi 2. Hakuna elimu ya juu inayohitajika hapo. Lakini ingia katika maduka ya Mkata au Mombo uone mizani ni mingapi, na kati ya hiyo ni mingapi haikufunikwa kwa magunia. Nikiwa chuoni nilifundishwa sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, ambayo jina lake lenyewe limetokana na wapunjaji wa vipimo, na kisa cha Nabii Shuaib na watu wa Madyan ambao kosa lao la sokoni lilikuwa hilohilo. Karne nyingi zimepita na kosa halijazeeka. Sisemi wauzaji wote ni wapunjaji. Nasema kwamba Wakala wa Vipimo hauna sababu ya kukagua mizani ya pamba na korosho kila msimu na kuiacha ya gesi ilale.

Kaya nazo zina la kufanya wakati ngoja ngoja hii inaendelea. Mara nyingi kilo moja ya gesi katika mtungi wa kilo 15 huwa nafuu kuliko katika mtungi wa kilo 6, lakini mfanyakazi wa Ngombezi hana fedha ya kulipia kilo 15 kwa mkupuo. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vipo kila mtaa. Vingeweza kumkopesha mwanachama tofauti hiyo akailipa kwa wiki. Aidha mtu asinunue mtungi wake wa kwanza kwa kupendezwa na bei ya siku hiyo. Atazame kwanza ni rangi ipi ina mawakala wawili au watatu anaoweza kuwafikia kwa mguu. Bei ya leo hubadilika kesho, lakini wakala aliye mbali atabaki mbali.

Na ikiwa kuna jambo ambalo linaweza kuanza bila kungoja Dodoma, ni ubao wa bei. Halmashauri ya Mji wa Korogwe na ile ya Mji wa Handeni zina maafisa biashara na zina kuta za ofisi. Kila Jumatatu iandikwe bei ya gesi ya kilo 6 na ya kilo 15 kwa kila kampuni iuzayo mjini, pamoja na jina la duka na kama lina mizani inayofanya kazi. Masheha wa Unguja na Pemba wanaweza kufanya hivyo hivyo kwenye ofisi za shehia. Ubao ni mbao mbili na chaki, na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja kwa wiki.